Rangi za faili kwenye Linux: Terminali inakuonya, wewe unaona urembo tu

VIJANA wengi wanaojifunza kompyuta siku hizi hukutana na Linux hata kabla hawajaitafuta. Mmoja anaipata kwenye maabara ya chuo. Mwingine anaiweka ndani ya laptopu yake ya Windows kupitia WSL kwa sababu mwalimu wa kozi ya mtandaoni amesema hivyo. Mwingine amekodi seva ndogo ili aweke tovuti ya duka la mteja wake wa kwanza. Wote huishia mahali pamoja: dirisha jeusi, alama inayomwekamweka, na amri ya herufi mbili ambayo kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza, yaani ls.

Ukiandika ls na kubonyeza Enter, majina ya faili yanashuka kwa rangi: bluu, kijani, nyekundu, zambarau. Wengi huangalia, wakasema inakaa fiti, kisha wanaendelea na shughuli zao. Mbona basi jina moja liwe kijani na jirani yake liwe jeupe? Na mbona folda moja imepakwa kijani hadi nyuma ya maandishi, kana kwamba mtu amepitisha kalamu ya kukolezea?

Hizo rangi hazikuwekwa kupamba. Kila moja ni ujumbe, na chache kati yake ni onyo kwamba kuna mlango umeachwa wazi. Kama unapanga kulipwa kwa kazi ya kompyuta, kuzisoma ni sehemu ya kazi.

Rangi hutoka wapi

Amri ya ls ni kongwe kuliko Linux yenyewe. Ilikuwepo kwenye Unix tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati matokeo ya kompyuta mara nyingi yalichapwa kwenye karatasi na rangi haikuwa jambo la kufikiriwa. Linux ilikuja mwaka wa 1991, ilipoanzishwa na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi jijini Helsinki, Finland. Toleo la ls linalotumika kwenye Linux nyingi ni la mradi wa GNU, na maelezo yaliyo ndani ya msimbo wake yanawataja Peter Anvin na Dennis Flaherty kuwa ndio walioongeza rangi, wakijenga juu ya kazi ya awali ya Greg Lee.

Kwa terminali, rangi ni nambari tu. Nambari 31 ni nyekundu, 32 kijani, 33 njano, 34 bluu, 35 zambarau na 36 samawati, ile bluu nyepesi ya anga. Nambari 01 hukoleza maandishi. Ukitoka kwenye thelathini ukaingia arubaini, yaani 41, 42 na kuendelea, rangi inahamia nyuma ya herufi. Kwa hivyo folda ikiwa na alama ya 01;34, maana yake ni bluu iliyokolea.

Orodha nzima huwekwa kwenye kigezo kinachoitwa LS_COLORS. Ukitaka kuiona kwa mpangilio unaosomeka, andika dircolors -p. Itashuka orodha ndefu, kila aina ya faili na nambari zake. Kama majina yako yote ni ya rangi moja, jaribu ls --color=auto. Kwenye Ubuntu na ndugu zake nyongeza hiyo huwa tayari imewekwa kimyakimya ndani ya faili ya .bashrc, ndiyo maana wengi hawajawahi kuiandika.

Kamusi fupi ya rangi

Tuanze na zile utakazoziona kila siku, kwa mpangilio wa kawaida wa Linux.

Nyeupe, au rangi yoyote ya kawaida ya terminali yako, ni faili isiyo na jambo la pekee: maandishi, PDF, barua.

Bluu iliyokolea ni folda.

Kijani kilichokolea ni faili yenye ruhusa ya kuendeshwa. Inaweza kuwa programu kamili au skripti ya mistari mitatu uliyoandika jana usiku.

Samawati iliyokolea ni kiungo. Kiungo ni kama kibao cha barabarani: chenyewe si mji, kinakuelekeza tu mji ulipo. Andika ls -l / kwenye Ubuntu ya miaka hii, utaona bin ikiwa samawati na mshale unaoelekea usr/bin.

Nyekundu iliyokolea ni vifurushi, yaani faili nyingi zilizofungwa pamoja au kubanwa: .zip, .tar, .gz, .deb, .rpm.

Zambarau iliyokolea ni picha na video. Nyimbo za .mp3 nazo hupewa samawati isiyokolea, kwa hivyo usizichanganye na viungo.

Njano juu ya weusi ni vifaa. Linux huvichukulia vifaa vya mashine kama faili, na ukiingia kwenye /dev utakuta diski zako na vinginevyo vimepakwa rangi hiyo.

Halafu kuna nyekundu juu ya weusi. Hiki ni kiungo kilichokufa: kibao bado kimesimama lakini mji umehamishwa au kufutwa. Hapa wengi huteleza, kwa sababu kwenye terminali nyeusi kiungo kilichokufa na faili ya .zip hufanana kama pacha. Usibahatishe. Andika ls -l. Kiungo huanza na herufi l upande wa kushoto na huwa na mshale upande wa kulia. Kifurushi hakina mshale.

Rangi ikihamia nyuma ya jina, simama kidogo

Herufi zenye rangi hukueleza faili ni ya aina gani. Rangi ikijaa nyuma ya jina, mara nyingi suala si aina tena bali ni nani anaruhusiwa kufanya nini.

Chukua folda yenye herufi za bluu juu ya kijani. Maana yake ni kwamba mtu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo anaweza kuandika ndani ya folda hiyo: kuongeza faili, kubadilisha majina, hata kufuta faili ambazo si zake.

Folda hufikaje huko? Kwa kawaida ni kwa mkono wa mwenyewe. Hadithi yake inajulikana na kila anayejenga tovuti. Mteja anataka kupakia picha za bidhaa, tovuti inakataa, inasema haina ruhusa. Kijana anaingia mtandaoni kutafuta dawa, anakutana na ushauri wa haraka: chmod -R 777. Anaubandika, picha zinapanda, mteja anafurahi, pesa zinaingia kwa M-Pesa. Kesi imekwisha.

Haijaisha. Tuvunje hizo nambari. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Ukizijumlisha unapata 7, yaani ruhusa zote. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kikundi chake, ya tatu ni ya watu wengine wote. Kwa hivyo 777 ni kusema: mimi nifanye nitakalo, kikundi changu kifanye kitakacho, na yeyote mwingine naye afanye atakacho. Herufi -R nayo inabeba uamuzi huo hadi kwenye kila folda na kila faili iliyo ndani.

Sasa fikiria seva moja yenye tovuti tatu. Moja ina programu ya zamani yenye tundu, na mhalifu anapenya kupitia hapo. Akiingia, anakuwa na uwezo mdogo tu wa akaunti ya programu hiyo. Lakini folda ya tovuti yako iko wazi kwa kila mtu. Anaandika humo skripti yake, au anabadilisha ukurasa wa malipo, bila kuvunja kufuli yoyote. Faili yenye nywila ya hifadhidata nayo ilipewa 777 pamoja na nyingine. Anaisoma.

Terminali ilikuwa imesema. Kila ulipoandika ls, ile folda iling'aa kijani nyuma. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

Kuna hasara nyingine ya 777 ambayo watu hawaitaji. Kwa kuwa kila faili sasa ina ruhusa ya kuendeshwa, kila faili inakuwa kijani: picha kijani, maandishi kijani, mipangilio kijani. Huwezi tena kutofautisha programu na barua kwa jicho. Umeivunja taa iliyokuwa ikikuonyesha njia.

Dawa yake haina ugumu. Kwanza jua ni akaunti gani inayoendesha tovuti. Kwenye Ubuntu na Debian kwa kawaida huwa www-data. Folda ambayo tovuti inahitaji kuandikia, na hiyo pekee, ikabidhi akaunti hiyo kwa amri ya chown. Kisha rudisha ruhusa za kawaida: 755 kwa folda na 644 kwa faili. Ikiwa folda inaitwa picha, mistari ni hii miwili:

find picha -type d -exec chmod 755 {} +

find picha -type f -exec chmod 644 {} +

Andika ls tena. Kijani cha nyuma kimeondoka na bluu imerudi. Hapo rangi imekuthibitishia kwamba umefunga mlango.

Na usidhani hili ni suala la ufundi peke yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, na anayehifadhi habari za watu ana wajibu wa kuzilinda. Folda ya tovuti ndogo ya sacco au ya shule inaweza kubeba nambari za simu, nambari za vitambulisho na majina ya watoto. Ikivuja, kumwambia mteja kwamba "lakini ilikuwa inafanya kazi" hakutawasaidia, wewe wala yeye.

Si kila kijani cha nyuma ni hatari

Andika tena ls -l / na utafute tmp. Utaiona ikiwa na herufi nyeusi juu ya kijani. Herufi nyeusi, si za bluu. Tofauti hiyo ndogo ni kubwa.

Folda ya /tmp ni ya muda, na kila programu inahitaji kuandika humo. Kwa hivyo iko wazi kwa wote, lakini ina kizuizi: mtumiaji wa kawaida anaweza kufuta faili zake tu, si za mwenzake. Ni kama chumba cha mizigo kwenye kituo cha basi ambapo kila abiria anaweka begi lake, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka na la mwingine. Ukitazama ruhusa zake utaona drwxrwxrwt, na ile t ya mwisho ndiyo kizuizi chenyewe.

Nyeupe juu ya nyekundu ni ishara nzito zaidi. Inaonyesha programu ambayo, yeyote akiiendesha, hufanya kazi kwa uwezo wa mwenye faili, na mara nyingi mwenye faili ni root, mkuu wa mashine. Andika ls -l /usr/bin/passwd utaiona. Ina sababu nzuri: nywila huhifadhiwa kwenye /etc/shadow, faili ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa. Bila kuazima uwezo wa mkuu, usingeweza kubadilisha hata nywila yako mwenyewe. Programu ya sudo nayo imepakwa hivyo. Kuna pia nyeusi juu ya njano, ambayo huazima uwezo wa kikundi badala ya mtu.

Kwa hivyo nyekundu ya nyuma ndani ya /usr/bin ni jambo la kawaida. Nyekundu hiyo hiyo ndani ya folda ya picha za tovuti, au kwenye faili uliyoletewa na mtu usiyemjua vizuri, si ya kupuuzwa. Jiulize ilifikaje hapo kabla ya kuigusa.

Rangi inayopima na rangi inayoamini jina

Hapa ndipo hata wazoefu hujisahau. Rangi za ls ni za familia mbili.

Familia ya kwanza hupima. Kuwa folda, kiungo, kifaa, kuwa na ruhusa ya kuendeshwa au kuwa wazi kwa wote, hayo yote ls huyapata kutoka kwa mfumo wenyewe. Hayadanganywi na jina.

Familia ya pili huamini jina tu. Nyekundu ya vifurushi na zambarau ya picha hutolewa kwa kuangalia herufi za mwisho za jina, basi. Unataka ushahidi? Andika touch mchezo.zip kisha ls. Utapata jina jekundu lililokolea, ilhali ndani hamna kitu, hata herufi moja.

Ni kama matatu. Tangu kanuni za Michuki zianze kutekelezwa mwaka wa 2004, ule mstari wa njano ubavuni hukuambia kwamba gari hilo ni la kubeba abiria. Haukuambii kama breki zinashika. Na michoro ya msanii iliyojaa kwenye mwili wa gari haikuambii lolote kuhusu injini.

Ukitaka kujua kilicho ndani kabla ya kufungua, tumia amri ya file, kwa mfano file mchezo.zip. Hiyo huchungulia yaliyomo badala ya kusoma bango la mlangoni.

Kuna faida moja ya kiusalama katika hili. Faili ikiwa na ruhusa ya kuendeshwa, kijani hushinda jina. Kwa hivyo ukikuta kitu kinaitwa harusi.jpg kimepakwa kijani badala ya zambarau, kuna maswali. Picha haihitaji kuendeshwa. Pengine ni matokeo ya 777 ya mtu mvivu, pengine ni skripti iliyovaa nguo za picha. Yote mawili yanafaa kuchunguzwa.

Ukiwa kwenye Windows, Mac au simu

Kama unatumia WSL, ingia kwenye /mnt/c, ambako faili za Windows huonekana. Karibu kila folda itakuwa bluu juu ya kijani, na kila faili itakuwa kijani. Usishtuke. Windows ina utaratibu wake wa ruhusa, na WSL, isipobadilishwa mipangilio, huonyesha vyote kama 777. Ndani ya /mnt/c rangi hizo hazikuambii ukweli kuhusu usalama.

Tatizo ni kwamba kijani hicho kinaumiza macho, na wengi wakishachoka nacho hubadilisha mipangilio ili kisionekane kamwe. Halafu wanachukua mipangilio hiyo hiyo wanaipeleka kwenye seva halisi. Huko onyo lilikuwa la kweli, nao wamelizima. Afadhali uweke kazi zako ndani ya folda ya nyumbani ya Linux yenyewe. Rangi zitasema kweli, na kazi nazo zitakwenda kasi zaidi.

Kwenye Mac mambo hubadilika. Toleo lao la ls ni la ukoo mwingine, rangi zake huwashwa kwa ls -G, na kwa kawaida programu huwa nyekundu huku viungo vikiwa zambarau. Rangi hizi ni makubaliano tu, na kila jamii ina yake. Asiye na laptopu naye hajaachwa nje: programu ya Termux kwenye simu ya Android inatosha kufanya mazoezi ya rangi za kawaida.

Na je, ukiwa huwezi kutofautisha nyekundu na kijani? Hali hiyo ipo, hasa kwa wanaume, na haikuzuii kufanya kazi hii. Tumia ls -F. Itaongeza alama mwishoni mwa jina: mkwaju / kwa folda, nyota * kwa programu, @ kwa kiungo. Ukiongeza ls -l, zile herufi kumi za mwanzo zitakupa habari zote za ruhusa bila rangi hata moja.

Ikiwa ile bluu iliyokolea haisomeki kwenye skrini yako, ibadilishe. Andika dircolors -p > ~/.dircolors, fungua faili hiyo, tafuta mstari wa DIR, weka 01;33 badala ya 01;34, kisha fungua terminali upya. Kwenye Ubuntu folda zako zitakuwa njano. Mistari ya OTHER_WRITABLE na SETUID iache ilivyo. Hizo ndizo kengele zako.

Mwisho, ukielekeza matokeo ya ls kwenye faili au kwenye less, rangi zitapotea. Hakuna kilichoharibika. Neno auto humaanisha rangi zitolewe tu pale kuna skrini ya kuzionyesha.

Kazi ya dakika tano

Ingia leo kwenye seva au mashine yoyote unayoitunza, uandike mstari huu:

find / -xdev -type d -perm -0002 ! -perm -1000 2>/dev/null

Utakuletea folda zilizo wazi kwa kila mtu na zisizo na kile kizuizi cha /tmp. Hizo ndizo folda ambazo ls imekuwa ikizipaka kijani nyuma muda huu wote. Ikiwa orodha ni tupu, uko poa. Ikiwa kuna hata jina moja usiloweza kueleza kwa nini liko wazi, lifunge kabla hujalala, kisha umpigie mteja simu umwambie ulichofanya.